Wadudu wa Mama Mkwe na Vazi Lao

Nimeshtakiwa mara moja tu maishani, na shtaka lilikuwa kwamba nimemkuta mama mkwe wangu na bakteria. Kosa nililitenda kweli. Nililitenda mezani, Jumapili mchana, mdomo ukiwa na wali, kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu niolewe.

Wakati huo nilikuwa likizo ya masomo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, na nilikuwa nimeruhusiwa miaka miwili nikasome shahada ya pili. Ikiisha, narudi darasani, shahada ninayo au sina. Tulikuwa tunaishi Goba, kilimani, kwenye nyumba ambayo upande mmoja una vigae na upande wa pili una nia ya kuwa na vigae. Mama mkwe alikaa chumba cha uani. Alikuja kutoka bara na mabegi mawili na kibuyu kimoja cha maziwa, na kwa maelezo yake mwenyewe, mabegi aliyaacha kwenye buti la basi, kibuyu akakipakata hadi Ubungo.

Kibuyu kile kilikuwa na sheria. Hakioshwi kwa sabuni hata siku moja. Mabaki ya chini yanamiminwa kwenye bakuli, kibuyu kinasuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, kinafukizwa kwa moshi wa mti anaoujua yeye, kisha mabaki yanarudishwa ndani na maziwa mapya yanawekwa juu yake. Mabaki hayo aliyaita mbegu. Maziwa alinunua kwa jirani mwenye ng'ombe wawili. Baada ya siku mbili yalikuwa mgando mzito, mchachu, wenye harufu ya moshi, ambao mume wangu akiunywa hufumba macho na kuacha kunisikiliza.

Mimi nilikuwa natafuta bakteria wenye vazi. Ndiyo, wapo. Bakteria wengine huvaa tabaka la protini juu ya mwili wao wote. Ni protini ya aina moja tu, inayotokana na jeni moja, lakini bakteria huitoa nje kwa wingi wa ajabu, na kila kipande kikifika nje kinashikana na mwenzake bila kuelekezwa na mtu, kama mkeka unaojisuka wenyewe. Ukiwaosha kwa chumvi kali vazi linavuka. Ukiiondoa ile chumvi, vipande vinaanza tena kushikana humo majini, bila bakteria, bila fundi. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilikasirika. Kwetu sare ya mtoto mmoja humchukua fundi wiki tatu na simu kumi.

Nilipima maziwa ya madukani, sikupata kitu. Nikapima mtindi wa kwenye ndoo, sikupata kitu. Hatimaye nikachota kijiko kimoja kwenye kibuyu cha mama mkwe, kwa ruhusa yake, nikakipeleka maabara. Nikawakuza bakteria waliomo, nikawapitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa wake, na pale nilipotazamia vazi pakatokea mstari mnene, mweusi, ambao hata asiyevaa miwani angeuona. Niliruka. Nilimkumbatia mfagiaji wa maabara, ambaye hakuwa amenizoea.

Ndipo ikaja ile Jumapili. "Mama," nikasema, "nimewapata! Maziwa yako yana bakteria! Wamejaa tele!"

Alikuwepo wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ana simu mkononi hata akinawa. Kabla sijafika kwenye vazi, alikuwa ameshaandika kwenye grupu la familia: Mama kapimwa, kakutwa na bakteria wengi. Ndani ya nusu saa watu wa Temeke walikuwa wanauliza kalazwa wapi. Mtu mmoja wa Mwanza alituma picha ya mshumaa.

Mama mkwe aliondoa sahani yake, akaiosha, akaikausha, akaenda chumbani kwake. Kuanzia siku hiyo hakuniita tena "mwalimu," jina aliloniitia kwa fahari kwa miaka sita. Alianza kuniita "huyu," hata tukiwa wawili tu jikoni.

Nikiri kwamba sikujali sana. Nilikuwa na bakteria wangu maabara, ninawalisha supu iliyojaa kila kitu, nyuzi joto zile zile usiku na mchana, kila siku nawahamishia kwenye chupa safi. Walinenepa. Walizaliana kupita kiasi. Nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwamba sijaona bakteria wenye afya kama hao.

Baada ya miezi minne nilirudia ile jeli ili nipate picha nzuri ya kuweka kwenye tasnifu. Mstari haukuwepo. Nikarudia, haukuwepo. Nikarudia mara ya tatu nikiwa nimevaa rozari ya marehemu mama yangu, nao haukuwepo. Msimamizi wangu, mtu mpole ambaye upole wake unaogopesha, alitazama ile jeli akaniambia kwamba haya yamewahi kutokea kwa bakteria wengine. Vazi ni gharama. Mdudu anayelishwa vizuri, asiye na adui, asiyepitia tumboni wala kwenye moshi, halihitaji. Akitokea mmoja asiyelitengeneza, huyo hukua haraka kuliko wenzake, na baada ya muda chupa nzima ni uzao wake.

"Una akiba ya wale wa mwanzo kwenye friza?" akauliza.

Akiba nilikuwa nayo. Niliigandisha mwezi wa tatu wa kuwalisha, nilipokumbuka. Nikawayeyusha hao nao. Walikuwa uchi vilevile.

Msimamizi akanipa wiki tano. Nikiwarudisha wenye vazi, naendelea. Nisipowarudisha, natafuta mada mpya na kuanza upya, na sote wawili tulijua kwamba likizo yangu ingekwisha kabla mada mpya haijapata hata kichwa cha habari. Miaka miwili ingekwenda na maji. Nilitoka pale nikajiambia, usiwe na wasiwasi, kibuyu kipo nyumbani.

Nilimkuta mama mkwe uani, amekaa kwenye kigoda, kibuyu mapajani. Kilikuwa kinang'aa. Kwa miaka yote kibuyu kile kilikuwa na rangi ya masizi, sasa kilikuwa na rangi ya biskuti.

"Huyu amerudi," alisema. "Haya, lete vipimo vyako upime sasa."

Grupu halikuwa limeacha kumpa pole ya ugonjwa, mwishowe akachoka, akakichemshia maji. Akakisugua kwa mchanga. Kisha, kwa ushauri wa wifi, akakijaza dawa ya chooni, akakiacha siku tatu juani, akakisuuza, akarudia. Kisa kizima kilikuwa kimeshatimiza wiki tatu, nami kwa kuwa hatukuwa tunasemeshana sikujua. Nilikaa chini hapo hapo kwenye saruji, nikalia kwa sauti. Mama mkwe alidhani ni toba, akaridhika kidogo.

Wifi akapeleka kilio changu kwenye grupu, na Jumamosi iliyofuata kikaitishwa kikao cha familia. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, karani wa reli mstaafu, ambaye hawezi hata kula bila ajenda. Katibu alikuwa mume wangu. Nilimwambia haiwezekani mtu akaandika muhtasari wa kesi ya mke wake. Akanijibu kwamba ni yeye pekee mwenye mwandiko unaosomeka. Ajenda zilikuwa nne: kufungua kikao, wadudu, mengineyo, kufunga kikao.

"Mkwe wetu," alianza baba mkubwa, "unakubali au unakataa kwamba ulisema maziwa ya mama yana wadudu?"

"Nakubali, baba. Ila ni wadudu wazuri. Wao ndio wanaogandisha maziwa."

"Maziwa yanagandishwa na kibuyu. Hilo linajulikana. Endelea."

"Na hawa wa mama ni wa pekee. Wamevaa."

Mume wangu aliacha kuandika. Baba mkubwa akavua miwani.

"Wamevaa nini?"

"Protini, baba."

"Kama maharage?"

"Ni protini ndiyo, lakini si..."

"Katibu, andika maharage."

Nikaeleza yote. Nikavua kitenge changu cha juu nikawaonyesha jinsi vipande vinavyoshikana. Nikaeleza kwamba wengine wana jeni mbili za vazi, moja inasomwa na ya pili imekaa kimya pembeni, na kwamba mara nyingine bakteria hukigeuza kile kipande cha urithi wake, ya kimya ikaanza kusomwa na ya kwanza ikanyamaza.

"Yaani ana suti mbili."

"Tuseme hivyo, baba."

"Hiyo ya pili anaivaa lini?"

"Bado hatujui vizuri."

"Andika hajui," alisema baba mkubwa, bila ubaya wowote. "Na hao, ni wanawake au wanaume?"

"Hawana jinsia, baba."

"Sasa wanamvalia nani?" akauliza wifi.

Nilisema wanajikinga, dhidi ya asidi, dhidi ya maadui, tena wanashikilia utumbo ili wasisombwe. Nilisema nilivyoona mstari ule kwa macho yangu. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeapa kusema kweli, nikasema kwamba wale nilionao maabara sasa wamevua.

"Wamevua kwa nini?"

"Kwa sababu niliwalisha vizuri mno."

Hapo mama mkwe alizungumza kwa mara ya kwanza. "Nilimwambiaga mwanangu tangu mwanzo," alisema akitazama dari, "huyu hajui kulea."

Katibu aliandika na hilo. Muhtasari ninao hadi leo. Maazimio yalikuwa mawili. Kwanza, niombe radhi, nikaomba. Pili, kikao hakiwezi kutoa hukumu juu ya wadudu ambao hakijawaona, kwa hiyo wajumbe waende maabara siku ya Jumatatu wakajionee.

Walikuja kweli. Baba mkubwa alivaa suti ya kahawia, mama mkwe kitenge chake cha Pasaka, wifi miwani ya jua. Mlinzi wa getini alidai barua, baba mkubwa akampa muhtasari wa kikao, mlinzi akausoma kurasa zote tatu akasimama na kupiga saluti. Ndani nikawavalisha makoti meupe, kwa kuwa ndiyo kanuni. Baba mkubwa alipofika kwenye darubini alivua kofia kabla ya kuinama.

"Nawaona," alisema polepole. "Wako kama njiti za kiberiti. Wako uchi kabisa."

Ilinibidi nimwambie kwamba hata wangekuwa wamevaa, darubini ile isingeonyesha, vazi ni jembamba mno. Alinitazama kwa huruma. Nikajua kwamba heshima yangu kwenye ukoo ule imekwisha.

Mama mkwe hakwenda kwenye darubini. Alikuwa amesimama mbele ya kishikizo cha mirija ya kioo, ile niliyowakuzia usiku wa kuamkia siku ile, mikono nyuma, anatazama tu.

"Mbona hawa hawajakaa chini?" akauliza.

"Wapi, mama?"

"Hapo. Wametawanyika, maji yote yamekuwa ukungu. Wa kwangu hawaelei hivi. Ukiwaacha wanashikana, wanakaa chini, juu panabaki maji tu. Hawa si wa kwangu."

Nilitoa simu, nikatafuta picha niliyomtumia mume wangu siku ya furaha yangu, ya mrija wa kwanza kabisa. Chini kulikuwa na donge jeupe. Juu maji maangavu. Wenye vazi hushikana wakazama, waliovua hubaki wakielea, na jambo hilo nilikuwa nimelisoma, nimelipigia mstari, nimelifanyia mtihani. Nilikuwa nimetazama mirija yenye ukungu kila asubuhi kwa miezi bila kuona kitu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya msimamizi wala mbele ya kikao.

Nilimwomba tutoke nje kidogo. Tukakaa kwenye ngazi, sote wawili na makoti meupe. Nikamweleza taratibu, bila kitenge, bila suti mbili. Kwamba wale wa kwenye kibuyu chake walikuwa ndio tasnifu yangu yote. Kwamba dawa ya chooni haichagui.

"Kwa hiyo wa kwako wamevua," alisema, "na wangu nimewaua."

"Ndiyo, mama."

"Ukikosa, unarudi shule mikono mitupu."

"Ndiyo."

Alikunja na kukunjua ukingo wa lile koti. Kisha akasema kwamba kuna mtu Buguruni.

Huyo mtu wa Buguruni nilikuwa nimemsikia tu. Alikuwa mwenzake wa kijiji kimoja, waliimba kwaya pamoja, na miaka mingi nyuma mama mkwe alimpa mbegu ya maziwa kutoka kwenye kibuyu chake, bure, kama wanavyopeana kwao. Halafu siku moja msibani, mbele ya kina mama wanaomenya viazi, yule mwenzake akasema kibuyu cha Goba ni mtoto wa kibuyu chake. Mama mkwe aliweka kisu chini, akaondoka na kiazi mkononi. Hawakusemeshana tena. Kumwendea sasa maana yake ni kumwambia kwamba kibuyu cha Goba hakina kitu, na kwamba amekiua mwenyewe. Nilimwambia si lazima. Nilisema nitakwenda peke yangu, nitajifanya mteja.

"Hakupi," alisema. "Mbegu haombewi mtu. Anaomba mwenyewe."

Tulikwenda kesho yake. Yule mama alikuwa na banda la maziwa nyuma ya soko, vikombe vimepangwa, kibuyu cheusi kimening'inia kwenye msumari. Nilimwamkia, akaitikia. Mama mkwe alisimama mbele ya benchi bila kukaa.

"Nimekuja kuomba mbegu," alisema.

"Ya nini, na wewe unacho kibuyu kilicho mama?"

"Changu kimekufa. Nilikitia dawa ya chooni."

Wateja wawili waliacha kunywa. Yule mama aliweka kikombe chini. Nilitegemea acheke, hata mimi ningecheka. Badala yake aliweka mkono kifuani akasema, "Pole, dada," kwa sauti ile ile ya kumpa mfiwa pole, na mama mkwe akakaa kwenye benchi ghafla, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Walizungumza kwa lugha yao muda mrefu, mimi nikiwa na kichupa changu mkononi. Kisha yule mama akanigeukia. Alikuwa ameshasikia, mambo ya grupu la familia yalikuwa yamefika hadi Buguruni.

"Wewe ndiye unayepima? Na mie nipime. Kama yeye alikutwa nao, mie nitakuwa nao zaidi. Na ukiwakuta unipe karatasi."

Nilimpa karatasi. Ina muhuri wa idara na neno moja, "Wamo," na ameibandika juu ya banda mpaka leo. Nasikia wateja wameongezeka, na mwenye banda la pili amenitafuta mara mbili kupitia kwa wifi.

Maana walikuwemo. Siku ya tatu mrija ulikuwa na donge chini na maji maangavu juu, na safari hii niliuona kabla sijaweka mkoba. Nikawagandisha siku hiyo hiyo, vichupa kumi na viwili. Siku ya tano jeli ikatoa mstari mnene, mweusi, mahali pale pale. Sikumkumbatia mtu. Nilipiga simu nyumbani nikasema, "Mama, wamevaa," na upande wa pili nikasikia akimtangazia jirani mwenye ng'ombe.

Jioni moja nilikuwa mezani najaza jedwali la vyanzo, na mama mkwe amekaa karibu anachambua mchele. Jedwali linataka uandike bakteria walitoka kwenye chombo gani, cha mahali gani. Nilikuwa na kalamu hewani. Nikafikiri mbegu ile ilitoka kwake, Buguruni ilipita tu. Hakuna mtahini atakayekwenda kuulizia. Nilitaka kumpa kitu huyu mama baada ya yote niliyomfanyia.

"Mama, nitaandika Goba," nikasema. "Kibuyu cha Goba. Ni mbegu yako."

Hakuinua uso. "Hao uliowapima wametoka wapi?"

"Buguruni. Lakini..."

"Andika Buguruni. Nilimpa, ikawa yake. Amewatunza, mie nimewaua."

"Hakuna atakayejua, mama."

Hapo aliweka ungo chini, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili akaniita kwa jina langu la zamani.

"Mwalimu, sikiliza. Wa kwangu walikuwa wamevaa. Baba mkubwa hakuwaona, mwanangu hakuwaona, hata mie sikuwaona. Uliyewaona ni wewe peke yako, na sasa hawapo tena. Ukianza kudanganya, mie nitabaki na nani?"

Nikaandika Buguruni.